Ndege Zikisimama kwa Ajili ya Mtihani

Alhamisi moja ya kila Novemba, Korea Kusini huzuia ndege kuruka na kutua kwa dakika 35, watahiniwa wasikie vizuri sehemu ya kusikiliza ya somo la Kiingereza. Ofisi huchelewa kufunguliwa. Polisi huwapakia waliochelewa na kuwakimbiza vituoni. Wengi huusifu moyo huo wa taifa. Mimi namwogopea mtoto wa miaka 18 aliyeketi pale ndani: nchi nzima ikinyamaza kwa ajili yako, utathubutuje kufeli?

Mtihani huo wa kuingia chuo kikuu, Suneung, huchukua takriban saa nane. Ndoto ya wazazi ni vyuo vikuu vitatu vya Seoul: kile cha Taifa, Korea na Yonsei. Nyuma ya mtahiniwa pengine yupo mama aliyesali hekaluni siku 100, na baba aliyelipia tuisheni ya usiku katika vituo binafsi, huko wanaviita hagwon, miaka nenda rudi. Mwaka 2023 familia zilitumia zaidi ya won trilioni 27 kwa masomo ya aina hiyo, katika nchi ambayo karibu wazee wanne kati ya kumi ni maskini. Mtoto hahitaji kuambiwa. Anaona. Akianguka, kwake si maswali aliyokosa. Ni akiba ya uzeeni ya wazazi wake aliyoila bure. Aibu ya namna hii haimtaki mzazi mkali. Mzazi mpole, anayenyamaza na kuendelea kulipa, huiotesha vilevile. Na kujiua ndiko kunakoua vijana wengi zaidi nchini humo.

Wapo wanaomlaumu Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China aliyetukuza elimu, na kuishia hapo. Siafiki. Ni kweli mitihani ya kifalme ya kuchagua maofisa ilianza Korea mwaka 958, lakini mzazi wa leo anapiga hesabu ya mshahara: kati ya ajira ya Samsung na ya kampuni ndogo kuna pengo kubwa mno. Mwaka 1980 serikali ya kijeshi ilipiga marufuku tuisheni. Wenye fedha wakaendelea kwa siri, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikaitengua. Hofu ya wazazi haikuguswa.

Ningekuwa na sauti Seoul, ningeanza na pensheni ya wazee na mishahara ya kampuni ndogo. Mama mwenye uhakika wa chakula uzeeni anaweza kumwambia mwanawe aliyefeli, "Njoo tule," naye mwana akaamini kwamba hadaiwi kitu.