Juisi Yenye Kitunguu Swaumu

Jamani mwenzenu nimeolewa Kibosho, na wakwe zangu wakishuka Moshi mjini jumapili baada ya misa hawaji kula tu, wanakuja kukagua. Ilikuwa Desemba, mji umejaa Wachaga waliorudi kutoka Dar, nikasema leo naweka saladi ya maana, siyo ile kabichi na karoti ya kukamulia limao kila siku. Nikaenda soko la Mbuyuni nikachukua pasheni na embe dodo moja limeiva mpaka kikapu kinanukia. Nikasaga na blenda, nikachuja mbegu, nikatia siki, asali kidogo, chumvi, pilipili manga, punje mbili za kitunguu swaumu, halafu mafuta ya alizeti kidogo kidogo huku blenda inazunguka. Hiyo ndo dresingi. Kilichokosekana ni haradali, na haradali ndo inayoshikanisha mafuta na siki, bila hiyo ikitulia tu mafuta yanapanda juu, ila duka la mangi wa mtaani kwetu utapata majani ya chai, biskuti na vocha, haradali utaitoa wapi. Nikasema freshi, nitaikoroga wakati wa kula.

Dresingi ikaingia kwenye jagi la njano. Juisi ya wageni, pasheni na embe hivyo hivyo, jagi la njano lingine, maana yanauzwa mawili mawili. Yote frijini. Mshaona tunakoelekea.

Mimi niko uani nageuza mbuzi na ndizi, shemeji yangu, yule aliyemaliza form four anasubiri matokeo, mtu ambaye tangu aje hajawahi kuosha hata kijiko, siku hiyo ndo kaamua kujituma, akawamiminia wazee.

Baba mkwe akapiga nusu glasi kwa mkupuo mmoja. Yule ni mzee wa kanisa, hawezi kutema mbele za watu, akameza, macho mekundu, akainua glasi akaangalia yale mafuta yanavyoelea.

"Mama Glory, hii juisi mmeichemshia kwenye sufuria la mchuzi?"

Mama mkwe akaonja yake, akalamba midomo, akatoa hukumu: "Hii ni pombe ya mbege, imekosa ulezi tu." Na baba Glory, badala ya kunitetea, anacheka mpaka anashika ukuta.

Nikakimbilia saladi. Nyanya na matango yanaogelea kwenye juisi tamu yenye sukari, bakuli limejaa mpaka ukingoni, shemeji anasema "nimeona dresingi ni nyingi nikamwaga yote isiharibike."

Nikarudi kuomba radhi nikakuta mzee kachovya mnofu wa mbuzi kwenye glasi. Akatafuna, akanyamaza, akachovya tena. Nikasema baba lete nikubadilishie, akaifunika glasi na kiganja. "Aika, mama," yaani asante kwa Kichaga. "Wewe niongezee." Akalimaliza lile jagi na mbuzi wake, sisi wengine saladi tukainywa kwa vijiko.