Bunduki Mbele, Elizabeth Nyuma: Jalada la Gemu Linamwita Nani?

Jalada la gemu ya BioShock Infinite lilipoonyeshwa Desemba 2012, mashabiki walinuna. Mwanamume kabeba bunduki begani, nyuma yake bendera ya Marekani inaungua. Ukikutana nalo dukani utasema ni gemu nyingine ya kufyatua risasi, unapita zako. Elizabeth, msichana ambaye hadithi yote inamzunguka, mbele hayupo. Kawekwa upande wa nyuma wa kasha.

Ken Levine, kiongozi wa Irrational Games waliotengeneza gemu hiyo, hakujificha. Aliliambia jarida la Wired kwamba walizunguka kuongea na watu, wakafika hadi kwenye nyumba za vyama vya wanafunzi wa kiume vyuoni, wakakutana na vijana wanaocheza gemu kila siku lakini jina BioShock hawalijui kabisa. Jalada ni la hao. Shabiki wa kweli ameshafuatilia habari miezi mingi, hahitaji picha ya kumshawishi.

Hoja hiyo si ya kudharau. Tunasema kizuri chajiuza, ila aliyesema hivyo hakuwa amesimama mbele ya rafu yenye makasha hamsini yanayofanana ukubwa, huku mnunuzi ana hela ya moja tu. Pale hata kizuri kinajitembeza. Gemu kubwa hugharimu fedha nyingi na miaka ya kazi ya watu wengi, na mgeni asipovutwa, mashabiki peke yao hawatoshi kurudisha gharama. Mimi kwa sehemu hii nakubaliana na Levine: anayelalamika kuhusu jalada mara nyingi ni yule ambaye halikuchorwa kwa ajili yake.

Lakini mgeni huyo ni nani? Hapo ndipo namuacha. Ukienda kuuliza kwenye nyumba ya wanafunzi wa kiume, jibu utakalorudi nalo ni la wanafunzi wa kiume. Mwaka 2013, mwaka uleule BioShock Infinite ilipoingia sokoni, ilitoka The Last of Us ya studio ya Naughty Dog. Neil Druckmann, mmoja wa walioiongoza, alieleza kwamba waliombwa wamsogeze nyuma kwenye jalada Ellie, msichana wa miaka 14, wakakataa katakata. Akabaki mbele, na Joel, mwanamume anayesafiri naye, nyuma yake. Kilichonigusa zaidi ni jambo dogo la pembeni: ilibidi studio iombe mahususi kwamba watafiti wa soko wawahoji na wachezaji wa kike, kwa sababu hilo halikuwa kwenye mpango. Kwa hiyo ile kauli kwamba picha ya mwanamke haiuzi huenda ilitokana na kupima upande mmoja tu wa mizani, kisha jalada linatoka na bunduki, wasichana wanapita bila kusimama, na mwaka unaofuata takwimu zinasema wasichana hawanunui.

Tusikimbilie kutangaza mshindi, maana mauzo hayamhukumu yeyote. The Last of Us iliuza nakala milioni 3.4 ndani ya wiki tatu. BioShock Infinite baadaye ilivuka milioni 11. Moja ilikuwa na Sony nyuma yake, nyingine ilibebwa na jina lililojengwa tangu BioShock ya kwanza ya 2007. Kutenganisha mchango wa jalada na hayo yote ni sawa na kutafuta chumvi ndani ya mchuzi.

Kinachoonekana wazi zaidi ni Kirby, yule duara wa waridi wa Nintendo. Kwenye majalada mengi ya Japani anatabasamu, na kwenye yale ya Marekani kakunja uso kama anayedai deni. Ndani ni gemu ileile. Shinya Kumazaki, mwongozaji wa gemu hizo, alieleza kwamba Japani mvuto wake ni upole, na Marekani anavutia zaidi akionekana mpambanaji. Alama ya umri, ile herufi ya ESRB au namba ya PEGI pembeni ya kasha, inasema mchezaji awe na miaka mingapi. Uso wa Kirby unasema muuzaji anamdhania kuwa mtoto wa aina gani.

Ila si kila jalada lina hesabu nyuma yake. Gemu ya Ico ya 2001 ilipata mchoro wa Fumito Ueda, mwongozaji wake, wenye vivuli virefu na watu wawili wadogo, kule Japani na Ulaya. Marekani ilitoka mapema, mchoro haujawa tayari, wakaishia na mvulana mwenye pembe kashika fimbo.

Na kwetu? Kwenye vibanda vya gemu vya enzi ya PS2, diski nyingi zilikuwa za kunakili, zimo kwenye mfuko wa nailoni, jina limeandikwa kwa kalamu. Jalada halikuwepo kabisa, na bado kwenye benchi walijaa wavulana watupu. Hilo linanipunguzia kidogo ukali: mlango wa kibanda nao huchagua watu.

Mashabiki wa BioShock, baada ya kelele, waliruhusiwa kupigia kura jalada la pili. Likachapishwa upande wa ndani wa karatasi ileile ya jalada la kwanza. Ili ulione, ulipaswa kwanza ulipe, ufungue kasha, uichomoe karatasi na kuigeuza.