Kabla ya Kununua Kitabu cha Mtihani, Mtafute Mgonjwa wa Moshi Ndani Yake

Muhula ukianza, wadogo zangu wanaosoma udaktari hapa Moshi huniuliza swali lile lile: "Dokta, kwa mtihani nisome kitabu gani?" Wanategemea niwatajie jina moja. Mimi huwaambia wafungue kwanza kurasa za homa. Kitabu kinasemaje kuhusu mtu mzima kutoka Boma Ng'ombe, mfugaji wa mbuzi, aliyekuja na homa ya siku nne na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu? Kama hakina la kusema hapo, kinaweza kukufaa kwa mengine, lakini kisiwe kitabu chako kikuu.

Naing'ang'ania homa kwa sababu mji huu umeshatoa somo lake. Mwaka 2007 hadi 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za hapa Moshi. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Majibu ya maabara yalipokamilika, wenye homa iliyosababishwa na malaria walikuwa 14 tu. Wengine walikutwa na bakteria kwenye damu, wengine fangasi, na wengi walikuwa na magonjwa yanayotoka kwa wanyama: leptospirosisi, brusela, homa ya Q na homa za kupe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, na bado nakutana na wanafunzi wa mwaka wa nne ambao hawajawahi kuyasikia, ingawa wanapita kila siku kwenye wodi za mji huo huo.

Miongozo ya mitihani ya Marekani, ile inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa PDF, haiyaachi magonjwa haya. Inayataja, tena kwa usahihi: maziwa yasiyochemshwa, brusela, kondoo na mbuzi wanaozaa, homa ya Q. Ni mstari mmoja wa kukariri, umewekwa pembeni pamoja na mambo adimu. Mwanafunzi anaubeba hivyo hivyo kama jambo adimu, na anapokaa mbele ya mfugaji wa Hai au Monduli haumjii kichwani mpaka siku ya tatu ya matibabu yasiyofanya kazi. Hapo ndipo ninapogombana na miongozo hii. Mpangilio wa kitabu humfundisha msomaji nini cha kufikiria kwanza, na mpangilio huo umetokana na wagonjwa wa kwao.

Kwenye matibabu hali ni nzito zaidi. Chukua malaria kali. Matoleo ya zamani ya miongozo ya Marekani yanakuelekeza kwenye kwinidini, dawa ya malaria ya kupitishwa kwenye mshipa, kwa kuwa kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa imesajiliwa kule. Artesuneti ya sindano, dawa tunayoitumia huku, ilipata kibali cha Marekani mwaka 2020. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaipendekeza kwa watu wazima tangu 2006, na baadaye kwa watoto. Anayekariri jibu la kitabu cha zamani anakosa alama, na akilibeba hadi wodini anamchelewesha mgonjwa.

Mfano mwingine unaniuma zaidi, kwa sababu unahusu watoto. Mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofu, vitabu vingi vilisema mpe maji ya mshipa kwa wingi na kwa haraka. Utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, matokeo yake yakatolewa mwaka 2011, ulionyesha kinyume: kati ya watoto waliopewa maji kwa kasi, karibu asilimia 10.6 walifariki ndani ya saa 48, na kati ya wasiopewa hivyo ni asilimia 7.3. (Watoto wa kuharisha hawakuhusishwa, kwa hiyo usije ukamnyima maji mtoto wa kipindupindu kwa kisingizio cha utafiti huu.) Hospitali zile hazikuwa na mashine za kupumulia kama za Ulaya. Wengi wetu tutafanya kazi kwenye hospitali za namna hiyo.

Sisemi miongozo ya nje itupwe. Kwa mwaka wa kwanza na wa pili ninaipendekeza waziwazi. Figo inachuja vilevile Moshi na Boston. Badiliko la valini kuchukua nafasi ya asidi ya glutamiki kwenye himoglobini ndilo linalosababisha sikoseli kila mahali, na michoro yao ya mambo kama hayo ni safi kuliko madesa, yale maandishi ya masomo tunayorithishana. Kwa fiziolojia, patholojia na namna dawa inavyofanya kazi mwilini, itumie bila wasiwasi.

Ukiingia wodini, cha kwanza mkononi kiwe mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya, ule uliounganishwa na orodha ya dawa muhimu. Toleo ninalotumia ni la 2021 na linapatikana bure, kwa hiyo bumu lako, ile pesa ya mkopo wa chuo, halihusiki. Si kitabu cha kuvutia. Maelezo ya chanzo cha ugonjwa ni machache, ndiyo maana unahitaji kitabu kinene pembeni. Lakini dawa zilizomo ndizo utakazoandika kwenye faili la mgonjwa, na mtahini anayekusimamisha kitandani atakuuliza hizo.

Pasti pepa fanya, ila ukishajua jibu uliza kwa nini majibu mengine matatu si sahihi. Madesa yasiyo na mwaka wala jina la aliyeyaandika, mimi siyagusi kwa upande wa dozi.

Na ukitaka kupima kitabu kwa haraka pale dukani, tafuta floraidi. Cha Marekani kitakueleza kuwa huongezwa kwenye maji ili kulinda meno. Kisha nenda vijiji vya chini ya Mlima Meru, ambako maji yana floraidi kupita kiasi, uangalie meno ya kahawia ya watoto, na miguu iliyopinda ya baadhi yao. Huko Ngurdoto kuna kituo kilichojengwa kwa ajili ya kuipunguza floraidi kwenye maji, kwa kutumia mkaa wa mifupa. Kitabu kikikupa upande mmoja tu wa habari hiyo, kinunue ukitaka, lakini acha nafasi pembeni ya ukurasa ya kuandika upande wa pili mwenyewe.