Nuksi Kwenye Jedwali la Zamu

Mama mdogo wangu alikuwa nesi katika zahanati moja ya visiwani huku kwetu Lamu, jina lake silitaji. Kuna mwezi walifariki watoto wachanga watatu, wote usiku, na mara zote tatu yeye ndiye aliyekuwa zamu. Hakuna aliyemshitaki. Polisi hawakuja. Lakini baraza halihitaji polisi: kabla kahawa haijapoa alikuwa ameshapewa jina, "mkono mzito". Waja wazito wakawa wanauliza kwanza leo nani yuko zamu, na wakisikia ni yeye, wanaiambia boti igeuze. Mwaka uliotangulia hao hao walikuwa wakimsifu kwa mkono wake mwepesi wa sindano.

Miaka mingi baadaye nilimwomba anionyeshe daftari lake, maana yeye hatupi karatasi. Mwezi ule alikesha usiku 22 kati ya 30. Mwenzake mmoja alikuwa kwenye likizo ya uzazi, mwingine amekwenda kozi Mombasa. Nimesomesha hesabu karibu maisha yangu yote, kwa hivyo nikakaa nikapiga. Ikiwa vifo vitatu vimetokea usiku wowote ule bila mkono wa mtu, nafasi ya yeye kuwepo kwa vyote vitatu ni karibu 4 katika 10. Si muujiza huo. Ni ratiba mbovu.

Baraza nalisamehe, kazi yake ni kusema. Linalonikosesha usingizi ni kuona hesabu ile ile ya barazani ikiingia kortini, ikavaa joho, ikaitwa sayansi.

Lucia de Berk alikuwa nesi wa Uholanzi. Septemba 2001 mtoto mmoja alifariki katika hospitali ya watoto mjini Den Haag, na wakubwa wa hospitali wakaanza kurudi nyuma kuangalia vifo vingine: Lucia alikuwepo? Vifo ambavyo vilikuwa vimeandikwa kuwa vya kawaida vikageuka kuwa vya kutiliwa shaka, na kilichovigeuza ni jina lake kwenye zamu. Halafu vifo hivyo hivyo vikahesabiwa kuwa ushahidi dhidi yake. Ni kama mvuvi anayetupa wavu, kisha anakwambia alijua tangu alfajiri samaki wako hapo.

Kortini ikaletwa namba: uwezekano wa matukio yale kumkuta kwa bahati tu ni 1 katika milioni 342. Alifungwa maisha 2003, na rufaa ya 2004 ikaongeza idadi ya mauaji kufikia saba. Baadaye wanatakwimu, akiwemo Richard Gill, waliipiga upya hesabu ile wakapata takriban 1 katika 25. Na kuna namba nyingine ambayo mtoto wa darasa la nne angeiuliza. Miaka mitatu kabla Lucia hajafika kwenye wodi ile walifariki watoto saba. Miaka mitatu aliyokuwapo, sita. Muuaji gani huyu anayepunguza vifo?

Walisoma pia shajara yake. Aliandika kwamba kuna jambo linamshinda, hawezi kujizuia. Korti ikaona ni kuua. Yeye akasema ni karata za kubashiri, alikuwa akiwapigia wagonjwa kwa siri na akiona aibu. Hapa Lamu hilo lisingetusumbua hata dakika moja, kila mtu anamjua mtu anayepiga ramli huku akikana.

Aliyeanza kulifumua jambo lile ni daktari mmoja, Metta de Noo. Yeye ni wifi yake daktari mkuu wa watoto wa hospitali ile ile iliyomshuku Lucia. Fikiria sahani za Idi katika familia hiyo. Akasoma majalada, kaka yake Ton Derksen akaandika kitabu, na kesi ikafunguliwa tena 2008. Aprili 2010 korti ikasema Lucia hana hatia. Gerezani alikuwa amepigwa na kiharusi.

Uingereza nako, 1999, Sally Clark, mama na wakili, alifungwa kwa kuua wanawe wawili wachanga. Daktari bingwa Roy Meadow aliiambia korti kwamba kifo cha ghafla cha mtoto katika familia kama ile ni 1 katika 8,543, na viwili ni namba hiyo mara yenyewe: 1 katika milioni 73. Sasa niambie, nahodha akikupa habari Julai kwamba bahari imechafuka leo, utarusha shilingi kujua ya kesho? Kusi la leo na la kesho ni kusi moja. Ndugu wawili wa damu moja, nyumba moja, huwezi kuwazidisha kama wageni wasiojuana. Tena majibu ya maabara yaliyoonyesha vijidudu kwa mtoto wa pili hayakuwafikia mawakili wake. Alitoka 2003. Akafariki 2007.

Kesi ya Lucy Letby, nesi wa Uingereza aliyetiwa hatiani 2023 kwa kuua watoto wachanga saba, sitaihukumu. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa ilimkatalia mara mbili, na Februari 2025 jopo la wataalamu 14 chini ya Shoo Lee, daktari wa watoto wachanga wa Kanada, likasema halikuona ushahidi wa kitabibu wa mauaji. Wazazi wamezika, na nyumba iliyofiwa si mahali pa kwenda na kikokotoo. Ninachosema ni kimoja: jedwali la zamu lenye alama kwenye jina moja lilionyeshwa kortini, na jedwali kama hilo lina maana tu ukiweka pia vifo ambavyo hakuwepo.

Kwetu je? Ibara ya 50(6) ya Katiba ya 2010 inamruhusu mfungwa ambaye rufaa zake zimekwisha kukataliwa kwenda Mahakama Kuu na ushahidi mpya, wenye uzito. Ni mlango mzuri. Lakini ushahidi huo utatoka wapi, wakati maiti ya asubuhi kwetu huzikwa alasiri, na familia nyingi hazitaki kusikia habari ya kupasuliwa? Kifo bila uchunguzi hakimfungi mtu, kweli. Wala hakimsafishi. Anabaki na daftari lake.

Juzi nilimsomea mama mdogo habari ya Lucia yote, kwenye simu, tumekaa dakani. Alisikiliza bila kunikata. Hakuuliza ya jela wala ya milioni 342. Aliuliza, "Na yule wifi, wakawa wanasemezana?"