Tarakimu za Kirumi Mwanzoni mwa Kitabu: Kero kwa Printa, Kinga kwa Faharasa

Kila anayepanga kurasa za kitabu kirefu kwa kompyuta hukutana mapema na swali hili: kwa nini kurasa za awali, yaani za tabaruku, yaliyomo, shukrani na dibaji, zipewe tarakimu za Kirumi, kisha sura ya kwanza ianze upya kwa 1? Wanaotaka hesabu moja isiyokatika, kuanzia ukurasa wa jina la kitabu hadi mwisho wa faharasa, wana malalamiko yasiyofaa kupuuzwa. Hata hivyo, mara nyingi wanaulaumu mpangilio kwa kosa lililotendeka katika programu, au katika kisanduku kimoja tu cha dirisha la kuchapisha.

Tuwape kwanza haki yao. Chukua kitabu chenye kurasa 12 za awali, i hadi xii, zikifuatwa na kurasa 300 za matini. Mhariri anafungua PDF, anataka kurasa za 5 hadi 10 azisahihishe kwa kalamu, na anaandika 5-10. Ikiwa kisomaji chake kinahesabu nafasi za kurasa ndani ya faili, printa itamtolea v hadi x, pengine yaliyomo na nusu ya dibaji, kwa sababu kurasa anazozihitaji ziko katika nafasi za 17 hadi 22. Microsoft Word nayo humtaka ataje na sehemu ya waraka, kwa mfano p5s2-p10s2 (ukurasa wa 5 wa sehemu ya 2 hadi ukurasa wa 10 wa sehemu hiyohiyo), jambo ambalo watu wengi hawajawahi kuambiwa. Katika LibreOffice Writer kuna mtego mwingine: ikiwa kurasa za awali zinaishia xi na sura inaanza kwa 1, kurasa mbili za namba witiri, ambazo zote hukaa upande wa kulia wa kitabu, zimefuatana, na programu huingiza ukurasa mtupu kati yake bila kuuonyesha kama kurasa nyingine. Mtu huushangaa pale unapotoka kwenye printa. Katika hesabu moja inayokwenda mfululizo, mitego hii karibu yote hutoweka.

Lakini ni vyema kuuliza kurasa za awali huandikwa lini. Dibaji huchelewa, aghalabu kwa kuwa aliyeombwa kuiandika ana shughuli nyingi kuliko mwandishi; shukrani hurefuka kila jina lililosahauliwa linapokumbukwa; na orodha ya yaliyomo haiwezi kukamilika kabla ya sura zenyewe kutulia. Kwa ufupi, sehemu inayosomwa kwanza ndiyo inayokamilika mwisho. Tuseme katika kitabu chetu dibaji imeongezeka ukurasa mmoja siku chache kabla ya faili kupelekwa kiwandani. Penye tarakimu za Kirumi, kurasa za awali zinakuwa 13, unaongezwa mmoja mtupu ziwe 14 ili sura ya kwanza ibaki upande wa kulia, na matini haiguswi: ukurasa wa 147 bado ni wa 147. Penye hesabu moja, sura iliyoanza kwenye 13 sasa inaangukia 14, upande wa kushoto, kwa hiyo inasukumwa hadi 15, na kila namba inayofuata, mamia yake yote, inaongezeka kwa 2.

Hapo watetezi wa hesabu moja hujibu kwamba programu husahihisha namba zenyewe. Ni kweli kwa namba zilizoingizwa kama marejeo ya kujiendesha. Si kweli kwa «tazama ukurasa wa 147» iliyoandikwa kwa mkono, wala kwa faharasa aliyoitengeneza mtu akiwa na nakala ya karatasi mezani, wala kwa orodha ya masahihisho iliyoletwa na msomaji wa prufu, wala kwa tanbihi za vitabu vya watu wengine vilivyokwisha kutoka. Hili la mwisho ndilo zito zaidi kwangu. Kitabu kikichapwa tena baada ya miaka kikiwa na dibaji mpya, matini yakiwa yaleyale, mpangilio wa Kirumi huviacha vitabu vinavyokirejelea vikiwa sahihi. Hesabu moja huvifanya vyote viongope kwa kurasa chache, na hakuna programu inayoweza kuingia katika maktaba ya mtu kuvirekebisha.

Mchapaji, kwa upande wake, hajali tarakimu gani zimeandikwa chini ya ukurasa. Anahesabu zote pamoja: 12 na 300 ni 312, na kama karatasi zake kubwa hukunjwa kutoa kurasa 16 kila moja, zinahitajika 19 kamili na nusu. Dibaji ikifikisha jumla kuwa 314, ataongeza kurasa tupu hadi 320 zitimie karatasi 20, au ataomba zipunguzwe mbili. Gharama hiyo ipo katika mifumo yote miwili.

Zipo kazi ambazo hesabu moja ndiyo inayozifaa. Ripoti ya ofisi isiyo na faharasa, itakayosomwa kwenye skrini na ambayo haitarudi kiwandani, haina sababu ya kubeba xii, na kumlazimisha mwandishi wake aigawe katika sehemu ni kumsumbua bure.

Kwa kitabu, dawa imo ndani ya faili. Tangu toleo la 1.3, PDF inaweza kubeba lebo za kurasa, yaani kila ukurasa ukajitambulisha kwa namba iliyochapwa juu yake badala ya nafasi yake katika foleni. InDesign, programu ya kupanga kurasa, huziandika inapotoa PDF, na katika LaTeX, mfumo wa kupanga matini kwa amri, kifurushi cha hyperref hufanya vivyo hivyo, ila si kila programu huziandika wala si kila kisomaji huziheshimu. Kwa hiyo kabla ya kumtumia mhariri faili, ifungue katika kisomaji anachokitumia, andika 1 katika kisanduku cha ukurasa, na utazame kama umefika kwenye sura ya kwanza au kwenye jina la kitabu. Ukifika kwenye jina la kitabu, mwandikie katika barua hiyohiyo kwamba kila namba anayotaka kuchapisha aiongezee idadi ya kurasa za awali, yaani 12 katika mfano wetu wa kwanza.