Oolong kila siku: inasaidia kweli au tunajipa moyo tu?

Kuna wanaosema ukinywa chai ya oolong kila siku kitambi kinaisha na sukari inashuka, na kuna wanaosema ni majani tu kama majani mengine. Mimi naipenda sana hii chai, ila naona hawa wote wanakosea mahali.

Oolong siyo mmea mwingine. Ni mchai uleule unaotoa chai ya kijani na chai nyeusi, sema hapa majani yananyaushwa, yanatikiswa mpaka kingo zichubuke zianze kugeuka rangi, halafu yanapitishwa motoni kabla hayajawa meusi. Zile za kuviringishwa za Fujian kule China au za Taiwan ukizimwagia maji moto kidonge kinafunguka polepole unaona jani zima, katikati kijani na pembeni wekundu wekundu.

Sasa hiyo habari ya kupunguza mwili. Mwaka 2001 huko Marekani wanaume 12 walipimwa, walipokunywa oolong nzito miili yao ikaunguza nishati zaidi kwa kama asilimia 3, yaani kalori 67 hivi kwa siku. Ni kidogo jamani, na maji yaliyotiwa kafeini peke yake yalifanya vilevile, kwa hiyo anayekuuzia oolong kama dawa ya kitambi kimsingi anakuuzia kafeini. Faida ninayoiamini mimi ni nyingine kabisa: ukiinywa bila sukari ikachukua nafasi ya soda, hapo umepunguza kitu cha maana kila siku.

Upande wa pili nao una hoja. Chai inazuia mwili kufyonza madini ya chuma hasa yale ya mboga na nafaka, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu asiinywe na chakula, asubiri kama saa moja hivi. Kafeini nayo ipo, mjamzito asivuke miligramu 200 kwa siku akijumlisha kila kitu, na mwenye shida ya usingizi aiache jioni. Halafu kuna wanaoinywa ikiwa inaunguza, vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 viliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la IARC mwaka 2016 kwenye kundi la vinavyoweza kusababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula toka kooni kwenda tumboni, na hapo kosa ni la moto siyo la chai, we iache ipoe kidogo tu.

Kinachoniumiza zaidi ni hiyo habari ya kisukari. Utafiti unaotajwa sana ni wa Taiwan, 2003, wagonjwa 20 wa aina ya pili walikunywa lita moja na nusu kwa siku kwa wiki 4, sukari ya damu ikashuka toka miligramu 229 mpaka kama 162 kwa desilita. Inapendeza, lakini wale watu walikuwa wanaendelea na dawa zao muda wote, na hicho kipande ndo kinachoachwa watu wakisimuliana. Kama una mzazi au ndugu ameanza oolong na anafikiria kuacha vidonge, mwambie hilo leo.