Wazee wa kijiji kilichohamwa: waigize wenyewe au waigiziwe?

Mtu akitaka kutengeneza filamu fupi ya kubuni kuhusu wazee waliobaki peke yao katika kijiji kilichohamwa, mapema sana atalazimika kuamua: awaweke wazee wenyewe mbele ya kamera, au alete waigizaji?

Wanaowataka wazee wenyewe wana hoja nzito. Mwaka 1948, katika filamu ya La terra trema, mwongozaji Mwitalia Luchino Visconti aliwaigizisha wavuvi wa Aci Trezza, kisiwani Sicily, kwa lahaja yao wenyewe. Mkono uliovuta nyavu tangu utotoni haufundishwi kuvuta nyavu. Kwenye filamu fupi faida hii huongezeka, maana muda ni finyu. Tuzo za Oscar, kwa mfano, hazipokei filamu fupi inayozidi dakika 40. Bibi akishika mwimo wa mlango kabla ya kuketi, mtazamaji ameshaelewa mengi bila neno kusemwa.

Lakini mzee aliyeachwa na wanawe akiambiwa aigize mzee aliyeachwa na wanawe, anatoneshwa kidonda. Atarudia mara tatu, mara nne, mpaka mwanga ukae sawa. Kisha wapiga picha watafunga mizigo na kuondoka, kama walivyoondoka wengine wote. Hili linaniumiza kuliko kasoro yoyote ya kisanaa. Mwigizaji mzoefu angalau amejifunza kuivua huzuni pamoja na vazi.

Mwongozaji mwingine Mwitalia, Vittorio De Sica, alipita katikati. Mzee mstaafu wa Umberto D., filamu ya 1952, aliigizwa na Carlo Battisti, profesa wa isimu ambaye hakuwa mwigizaji. Uso ulikuwa mpya, na maisha yaliyoigizwa hayakuwa yake.

Hata hivyo naegemea upande wa wazee wenyewe, ila wasiigizishwe majonzi yao. Kijiji kikibaki na watu watano, hao watano bado wanataniana, wananuniana, wanabishania mpaka wa shamba ambalo mwenyewe alihama zamani. Hayo ndiyo ya kuwapa waigize; ukiwa utaonekana wenyewe kwenye milango iliyofungwa nyuma yao. Filamu ikishahaririwa, ioneshwe kwanza palepale kijijini, na mzee atakayesema, “Huyu si mimi,” kipande chake kiondolewe kabla mtu mwingine hajakiona.